Kuchomelea kwa Waya wa Fluksi Nyumbani: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kufunga Mashine Hadi Meza ya Kwanza

Waya wa fluksi ni kibomba chembamba cha chuma kilichojazwa unga. Unga huo unapoungua hutoa gesi inayofukuza hewa kwenye chuma kilichoyeyuka, na mabaki yake huelea juu na kuganda, yakawa gamba ambalo mafundi huliita slagi. Gesi inatoka ndani ya waya wenyewe, kwa hiyo hakuna mtungi wa kununua wala wa kujaza, na upepo wa kawaida wa uani hauharibu mshono kama unavyoharibu kazi ya mtu anayetumia waya mtupu na gesi ya kaboni dioksidi. Karakana nyingi za nyumbani ni banda lililo wazi upande mmoja au kivuli cha mwembe. Kwa mazingira hayo, waya huu ndio unaofaa.

Hata hivyo, usiuchague kwa kudhani kwamba ni mwepesi kuliko vijiti vya kawaida vya kuchomelea. Moto wake unawaka mara tu unapobonyeza swichi, na hapo ndipo wanafunzi wengi hudanganyika. Mshono unaweza kuonekana umejaa na kunyooka huku chini yake chuma hakijashikana kabisa. Kwa sababu hiyo, mwongozo huu utakutaka uvunje kazi yako ya mazoezi kwa nyundo mara nyingi kuliko utakavyotaka. Nyumbani, hiyo ndiyo njia rahisi ya kujua kilichomo ndani.

Mashine na umeme wake

Mashine ndogo ya inveta ya ampea 140 hadi 160 inatosha kwa mageti, magrili, meza, viti na fremu za chuma kisichozidi milimita 5 au 6. Kabla ya kulipa, hakikisha mambo mawili. Kwanza, iwe inatoa umeme mnyoofu (DC). Zipo mashine za bei ya chini sana zinazotoa umeme geu, na hizo hurusha matone kila upande na hazina utulivu kwenye chuma chembamba. Pili, iwe inakuruhusu kubadilisha chanya na hasi, ama kwa waya mfupi wa nje unaohamishwa, ama kwa boliti mbili zilizo ndani ya mlango wa koili, yaani gurudumu lililoviringiwa waya.

Soma kibandiko cha mashine. Ukiona imeandikwa 20% kwenye ampea 140, maana yake ni kwamba katika kila dakika 10, kwa ampea hizo, unachomelea dakika 2 na kuiacha ipumue dakika 8. Ukishusha ampea, muda wa kuchomelea unaongezeka. Usiizime inapopumua, kwa sababu feni ndiyo inayoipoza.

Mashine ya namna hii ikichomelea kwa ampea 120 huvuta takriban ampea 16 hadi 20 kutoka kwenye umeme wa volti 230. Plagi ya kawaida yenye fyuzi ya ampea 13 itavumilia kazi nyepesi, lakini kwa chuma cha milimita 5 itaunguza fyuzi au kuyeyusha soketi. Mwite fundi umeme akuvutie laini ya peke yake: nyaya za milimita 4 za mraba, swichi kinga ya ampea 32, soketi ya viwandani ya ampea 32, na erthi halisi iliyopimwa. Ekstensheni isipungue milimita 2.5 za mraba, na usichomelee ikiwa bado imeviringwa kwenye gurudumu lake, maana itapata moto. Jioni, umeme wa mtaa unaposhuka hadi volti 190 au chini ya hapo, moto utakuwa dhaifu hata kama hujagusa kitufe chochote. Pima kwenye soketi kwa mita kabla ya kuilaumu mashine. Ukitumia jenereta, isiwe chini ya kVA 5.

Waya: soma herufi, usisome rangi ya boksi

Kwenye boksi utaona namba kama E71T-GS au E71T-11. E ni elektrodi. 7 ni nguvu ya mvutano ya pauni 70,000 kwa inchi ya mraba, yaani karibu megapaskali 480. 1 inamaanisha waya unafaa kwa mikao yote, na T kwamba ni bomba lenye unga. Herufi za mwisho ndizo zenye habari muhimu zaidi kwako.

GS ni waya wa mshono mmoja tu. Ni mzuri kwa chuma chembamba, lakini usiurundike tabaka juu ya tabaka. Waya wa 11 unakubali tabaka zaidi ya moja, kwa hiyo ndio wa kununua ikiwa utagusa chuma cha milimita 5 na kuendelea. Jihadhari na E71T-1: nao ni waya wa fluksi, lakini unahitaji gesi ya mtungi. Ukiutumia bila gesi, mshono mzima utajaa vitundu na utashinda siku nzima ukitafuta kosa kwenye mashine.

Kipenyo cha 0.8 mm kinafaa kwa mabomba ya mraba ya milimita 1.5, yaani geji 16. Kipenyo cha 0.9 mm kinafaa kwa milimita 2 hadi 6. Kwa kuanzia nunua koili ya kilo 1. Ukanda wa pwani, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam na Zanzibar, una unyevu mwingi, na kibomba cha waya kina mshono mwembamba unaopitisha unyevu hadi kwenye unga. Koili iliyoachwa ndani ya mashine kwa wiki kadhaa hupata kutu na kuleta vitundu. Kazi ikiisha itoe, uiweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu.

Kufunga waya, hatua kwa hatua

Sehemu hii ifanye bila haraka. Matatizo mengi yanayoonekana wakati wa kuchomelea huzaliwa hapa.

1. Zima mashine na uchomoe plagi. Unganisha tochi (mkono wa kuchomelea, unaotoa waya) kwenye hasi, na klampu ya erthi (kibanio kinachoshika chuma unachochomelea) kwenye chanya. Mashine nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimefungwa kinyume, kwa ajili ya waya mtupu na gesi. Ukisahau hatua hii moto utawaka, lakini utarusha matone mengi, utapasuka-pasuka na kupenya kidogo.

2. Weka rola (gurudumu dogo linalosukuma waya) yenye meno madogo kwenye mfereji wake, inayolingana na kipenyo cha waya. Rola laini ni ya waya mtupu. Waya wa fluksi ni laini, na kwenye rola hiyo utateleza.

3. Weka koili, shika ncha ya waya kwa nguvu usiachie, kisha kata sehemu iliyopinda. Ukiachia, koili yote itafumuka. Kaza breki ya koili kiasi tu kwamba ukiachia swichi ya tochi, koili isimame papo hapo bila kuendelea kuzunguka.

4. Fungua nozeli (kikombe cha mbele) na tipu (kijibomba ambamo waya hutokea) ya tochi. Nyoosha kebo ya tochi sakafuni bila mikunjo. Chomeka plagi, washa mashine, bonyeza swichi na usukume waya hadi utokeze sentimita 10.

5. Rudisha tipu inayolingana na waya: 0.8 kwa 0.8, 0.9 kwa 0.9. Tipu kubwa kupita kiasi haigusi waya vizuri na moto utayumba. Ndogo kupita kiasi itaubana waya.

6. Pima mkazo wa rola. Elekeza waya kwenye kipande cha mbao kilicho sentimita 5 mbele ya tochi, klampu ya erthi ikiwa haijagusa chochote. Mkazo ukiwa sawa, waya utagonga mbao na kujikunja kando bila kusimama. Waya ukisimama na rola kuteleza, kaza robo mzunguko. Usikaze zaidi ya hapo. Mkazo mkubwa huponda kibomba, unga humwagika ndani ya tochi, mrija wa ndani huziba, na mwishowe waya hujisokota kwenye rola.

Nozeli pana ya gesi haina kazi kwenye waya huu. Ukipata kifuniko kifupi cha kukinga tipu, kitumie, maana utaona moto vizuri zaidi. Usiache tipu wazi kabisa, kwa sababu ikigusa chuma itawaka na kuungana nacho.

Kujikinga

Moshi wa waya wa fluksi ni mwingi kuliko wa waya mtupu. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Leso iliyofungwa puani haichuji chochote. Vaa barakoa ya FFP2 au FFP3 inayokaa vizuri chini ya kofia, usiinamishe kichwa juu ya moshi, na weka feni ya ubavuni isukume moshi kando yako. Waya huu unavumilia upepo huo mdogo, kwa hiyo hakuna sababu ya kuvumilia moshi.

Kofia iwe na kioo cha namba 10 au 11. Miwani ya jua haikingi. Macho yakipigwa na moto huu, maumivu huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, yakiwa na hisia ya mchanga chini ya kope. Watoto na majirani nao wana macho: simamisha turubai zito au mabati kati yako na njia. Vaa pamba nzito au ngozi, glavu ndefu za ngozi, na viatu vya ngozi vilivyofunikwa. Usivae poliesta, kandambili wala suruali iliyokunjwa miguuni, na usiweke kiberiti cha gesi mfukoni.

Mambo matatu usiyafanye hata kwa dakika moja. Usichomelee pipa au tangi lililowahi kubeba mafuta, hata kama limeoshwa. Usisafishe chuma kwa kisafishia breki chenye klorini, kwa sababu mvuke wake ukikutana na joto na mwanga wa moto hugeuka fosijini, gesi ya kuua. Na usichomelee juu ya zinki ya mabomba yaliyopakwa. Ikwangue kwa grainda angalau sentimita 3 kila upande, ndani na nje panapofikika. Moshi wa zinki huleta homa, baridi na maumivu ya mwili usiku huohuo. Maziwa ambayo watu hushauriwa kunywa hayazuii homa hiyo.

Ukimaliza, kaa karibu na eneo la kazi kwa saa moja, ukiwa na ndoo ya mchanga au kizimamoto. Cheche iliyoingia kwenye gunia au vumbi la mbao inaweza kufuka muda mrefu kabla ya kuwaka.

Kuandaa chuma

Watu husema waya wa fluksi hauchagui uchafu. Unavumilia kutu nyepesi, ni kweli, lakini rangi, mafuta na lile gamba jeusi la kiwandani hupunguza upenyo na kuleta vitundu. Kwangua kwa diski ya msasa hadi chuma king'ae, sentimita 2 kila upande wa maungio, na usisahau mahali pa klampu. Klampu iliyobanwa juu ya rangi huufanya moto uyumbe.

Chuma cha zaidi ya milimita 4 kikiungwa ncha kwa ncha, chonga kila ncha mteremko wa nyuzi 30 na uache nafasi ya milimita 1.5 hadi 2. Kwa milimita 3 acha nafasi ya milimita 1 tu bila kuchonga. Mabomba membamba yakutane bila mwanya kabisa. Mwanya wa milimita 1 kwenye bomba la milimita 1.5 ni tundu linalosubiri kutokea.

Namba za kuanzia

Kwa waya wa 0.9 mm anza hivi:

Chuma cha 1.5–2 mm: volti 14–15, kasi ya waya mita 1.5–2 kwa dakika.
Chuma cha 3 mm: volti 15–16.5, mita 2–2.5.
Chuma cha 5–6 mm: volti 17–18, mita 2.8–3.5.

Kwa waya wa 0.8 mm tumia volti hizohizo, ila ongeza kasi kwa robo. Ikiwa mashine yako ina vitufe vya namba 1 hadi 10 bila vipimo, ondoa klampu ya erthi, elekeza tochi mbali, bonyeza swichi sekunde 10 kamili, pima waya uliotoka na uzidishe kwa 6. Sentimita 40 ni mita 2.4 kwa dakika. Andika matokeo ya kila namba kwenye karatasi, uibandike ndani ya mlango wa mashine. Hapo utaweza kurudia kesho ulichofanikiwa leo.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati: volti au kasi, visiwe vyote viwili. Kasi ya waya huamua ampea, na volti huamua upana na ulaini wa mshono. Waya ukisukuma tochi nyuma na kupiga mapigo, kasi ni kubwa au volti ni ndogo. Moto ukipanda juu na kutengeneza tone kubwa kwenye ncha ya waya, volti ni kubwa au kasi ni ndogo. Vikipatana, utasikia mlio mmoja usiokatika, kama vitunguu vikikaangwa kwenye mafuta ya moto.

Mkono

Urefu wa waya kutoka kwenye tipu hadi kwenye chuma uwe milimita 13 hadi 19. Ni mrefu kuliko wa waya mtupu kwa sababu maalumu: waya unahitaji kupata joto njiani ili unga uanze kufanya kazi kabla ya kufika kwenye moto. Ukiushikilia kwa milimita 6, gesi hunaswa ndani ya mshono. Ukiuacha uwe milimita 30, ampea hushuka na mshono hukaa juu ya chuma bila kupenya.

Vuta tochi, usiisukume. Kichwa cha tochi kielekee kwenye mshono uliokwisha kuuweka, kikilala nyuzi 10 hadi 15, nawe ukienda upande wa pili. Ukisukuma, slagi hutangulia mbele ya dimbwi la chuma kilichoyeyuka na kuzikwa ndani ya mshono. Egemeza mkono wa pili mezani, au tumia mikono yote miwili, na ufanye safari kavu bila moto kwanza ili uone kama kebo itakukwamisha katikati.

Kata ncha ya waya kwa koleo, mkato wa mshazari, kabla ya kila mwanzo. Mwisho wa kila mshono huacha kitone chenye slagi ambayo haipitishi umeme, na ndiyo sababu moto hukataa kuwaka au hulipuka mwanzoni.

Moto ukiwaka, usiangalie mwanga. Angalia ukingo wa nyuma wa dimbwi, pale chuma kinachong'aa kinapoanza kuganda chini ya slagi. Slagi ni nyeusi zaidi na huelea. Chuma ni angavu na kina ukingo wa mviringo. Kutofautisha vitu hivi viwili ndiyo nusu ya ufundi, na hakuna anayeweza kuifanya siku ya kwanza. Mwendo ni karibu sentimita 20 hadi 30 kwa dakika, yaani sentimita 10 kwa sekunde 20 hadi 30. Wanaoanza karibu wote huenda mbio.

Mazoezi, kwa mpangilio huu

Nunua bapa la chuma la 50 × 5 mm, urefu wa mita 6, ulikate vipande vya sentimita 15. Chora mistari kwa chaki na uweke mishono ya sentimita 10 juu ya bapa tupu. Gonga slagi ikipoa, piga brashi ya waya, angalia. Endelea hadi mishono mitano mfululizo ilingane kwa upana, milimita 6 hadi 8, na viwimbi vyake viwe na umbali sawa. Chuma kikipata joto sana kiache kipoe, maana mshono kwenye chuma moto haukupi picha ya kweli.

Kisha simamisha kipande kimoja juu ya kingine kwa umbo la T na ushikize kwa vidoa viwili (vipande vidogo vya mshono wa kushikiza tu), kimoja kila mwisho. Elekeza tochi nyuzi 45 kwenye kona, huku waya ukilenga mzizi wenyewe, yaani mstari ambapo vipande viwili vinakutana. Weka mshono upande mmoja tu. Sasa bana kipande cha chini kwenye jiliwa na upige kilichosimama kwa nyundo kuelekea upande wenye mshono, ili mzizi ufunguke. Mshono ukipindika bila kuachana, vizuri. Ukikatika katikati ya mshono na kuonyesha chuma cha kijivu chenye chembechembe kuanzia mzizini hadi juu, pia ni vizuri. Lakini mshono ukibanduka mzima kutoka kwenye kipande kimoja na kuacha uso safi wenye mikwaruzo ya grainda, chuma hakikuwahi kuyeyuka upande huo. Ongeza kasi ya waya, fupisha waya kidogo kwenye tipu, na hakikisha moto unaula mzizi. Rudia. Vunja tena. Zoezi hili moja lina thamani kuliko mengine yote kwa pamoja, kwa hiyo lipe muda mwingi.

Maungio ya kupandishana na ya ncha kwa ncha yatakuja upesi baada ya hapo.

Mshono wa kusimama hutegemea unene. Chini ya milimita 3, teremka kutoka juu kwenda chini kwa mwendo wa haraka, ukiitangulia slagi wakati wote. Ikikufikia, simama, gonga, anza upya. Kwa milimita 5 na zaidi panda kutoka chini kwenda juu, punguza kasi ya waya kwa asilimia 10 hivi, yumba kidogo kushoto na kulia ukitulia nusu sekunde kila ukingo, na upite katikati haraka. Kuteremka kwenye chuma kinene hufunika mzizi bila kuuyeyusha.

Bomba la mraba la milimita 1.5 liwe la mwisho. Hapa hutavuta mshono mrefu. Bonyeza sekunde moja, achia, subiri wekundu ufifie bila kuzimika, kisha bonyeza tena ukifunika nusu ya doa lililopita. Doa likiwa bado jekundu, slagi yake ni laini na itayeyuka tena. Likishapoa kabisa, gonga na piga brashi kwanza, la sivyo unaizika. Elekeza moto zaidi kwenye upande mnene, na pakianza kulegea na kuzama, achia swichi mara moja.

Mshono ukikuonyesha kosa

Vitundu juu ya mshono vina sababu nyingi, basi zichunguze kwa mpangilio huu: chuma kichafu, waya wenye unyevu, waya mfupi mno au mrefu mno kwenye tipu, volti kubwa, upepo mkali. Mifereji midogo juu ya mshono, mfano wa njia za minyoo chini ya slagi, mara nyingi ni volti kubwa kwa kasi ya waya uliyoweka. Shusha nusu volti na urefushe waya milimita 3.

Mtaro pembeni mwa mshono unatokana na volti kubwa, mwendo wa haraka au kutotulia ukingoni. Mshono mwembamba uliopanda juu kama uzi unaashiria volti ndogo. Waya ukiungana na tipu, kasi ni ndogo, tochi iko karibu mno, au rola inateleza. Badilisha tipu, usiikwangue tena na tena. Matone mengi kila mahali? Rudi kwenye hatua ya kwanza ya kufunga waya, uangalie hasi na chanya.

Slagi iliyozikwa ndani ni mbaya kuliko vitundu kwa sababu huioni. Huletwa na kusukuma tochi, kwenda polepole mno hadi dimbwi lifurike, au kuweka tabaka la pili bila kusafisha la kwanza. Tiba ni kukwangua kwa grainda hadi kwenye chuma safi na kuanza upya. Kuchomelea juu yake hakuisaidii.

Kazi ya kwanza: meza ya karakana

Acha ngazi, tela na kisimamio cha tangi la maji. Vikiachia, vinaumiza watu. Meza itakupa maungio ya kila aina, na ukiimaliza utakuwa na mahali pazuri pa kufanyia kazi nyingine zote.

Ukubwa ni 900 × 600 mm, kimo cha karibu 845. Nunua mabomba mawili ya mraba ya 40 × 40 × 2 mm, na plati ya 5 mm ya 900 × 600, ambayo ina uzito wa kilo 21 hivi. Kutoka bomba la kwanza kata vipande 2 vya 900, 4 vya 800 kwa miguu, na 1 cha 520. Kutoka la pili kata 3 vya 520 na 1 cha 820. Kitakachobaki kwenye la pili, zaidi ya mita 3, ni cha mazoezi: kitumie kupata namba za mashine kabla ya kugusa fremu. Waya utakaotumika kwenye meza hautazidi gramu 300 au 350.

Panga fremu ya juu sakafuni: vya 900 nje, viwili vya 520 kati yao kwenye ncha. Weka kidoa kimoja kila kona upande wa juu tu, kisha pima mishazari. Yote miwili iwe milimita 1,082. Ikitofautiana kwa zaidi ya milimita 2, gonga kona ya mshazari mrefu hadi ilingane, ndipo uweke vidoa vya upande wa pili. Simamisha miguu kwa skwea yenye sumaku, kidoa kimoja kila mguu, hakiki pande mbili, ongeza kidoa cha pili upande unaokabili cha kwanza. Vipande viwili vya 520 vinaunganisha miguu upande mfupi, sentimita 15 kutoka chini, na cha 820 kinaunganisha hivyo viwili katikati.

Fremu nzima ikisimama kwa vidoa, ndipo uanze mishono. Usimalize kona moja. Weka upande mmoja wa kona hii, nenda kona ya mshazari, kisha rudi. Chuma hujivuta kuelekea upande uliopoa mwisho, na ukirundika joto mahali pamoja mguu utaegemea hata kama skwea ilikuwa sahihi. Sehemu ambazo plati italala juu yake zikwangue zilingane. Nyingine ziache kama zilivyo, maana grainda hula nguvu ya mshono pamoja na uzuri wake.

Plati usiichomelee mzunguko mzima, itajikunja na haitanyooka tena. Ibane kwa klampu na uweke mishono mifupi ya milimita 30 kutokea chini, mitatu kila upande mrefu na miwili kila upande mfupi, ukirukaruka pande na kuacha ipoe kati ya mmoja na mwingine. Baada ya hapo gonga slagi yote, hata ile iliyojificha kwenye kona za ndani, futa matone kwa patasi na upake rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Slagi iliyobaki chini ya rangi hubanduka baada ya miezi michache na kuondoka na rangi, na kutu huanzia papo hapo juu ya mshono.